Kidole Namba Kumi na Saba

Ilipofika saa tano asubuhi, samaki wa Kidonge walikuwa wameanza kulegea.

Aliwachukua mashuani alfajiri wakiwa wabichi kabisa. Macho yao yaling'aa. Mashavu yao yalikuwa mekundu ndani. Sasa jua lilikuwa juu ya bati la soko, na joto lilishuka mezani kama pasi. Kidonge alilowesha gunia, akawafunika. Baada ya nusu saa gunia lilikuwa limekauka. Akalilowesha tena.

"Wifi, huyu wangu ameanza kuninunia," alisema wifi yake, dada wa mumewe. Walikuwa wakiuza meza moja, mwaka wa kumi huo. Alimbonyeza samaki tumboni. Alama ya kidole ikabaki palepale.

"Hanuni huyo. Anaoza," alisema Kidonge. "Na huyu. Na mwenzake huyu."

Watu walimwita Kidonge kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mchungu wa maneno. Jina alipewa na mumewe, mvuvi, siku za uchumba. Hakulikataa.

Mnunuzi mmoja alikuja. Akafunua shavu la samaki, akanusa, akalifunika. "Haya, mama. Biashara njema," akasema, akaondoka mikono mitupu.

Saa saba bei ilishuka nusu. Saa nane waliobaki walikwenda kwenye shimo la taka nyuma ya soko. Kila siku shimo lilikula ndoo yake. Siku za joto kali lilikula mbili.

Barafu ilikuwepo. Kiwanda kidogo cha barafu kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka gatini. Lakini barafu ndani ya beseni la plastiki, juani, ni maji baada ya saa mbili. Wauza samaki walishajaribu, wakachoka.

Miezi minne kabla ya hapo, Kidonge alianza darasa la kisomo cha watu wazima. Lilikuwa saa tisa alasiri, siku tatu kwa wiki. Tangu hapo alisoma kila kitu. Alisoma mifuko ya saruji, vibandiko vya dawa na migongo ya fulana za watu.

"Siku hizi mke wangu hapiti ukuta bila kuusalimia," mumewe aliwaambia wenzake, nao wakacheka.

Jumamosi moja, mpishi wa ukumbi wa sherehe aliagiza ndoo mbili za samaki. Kidonge alizipeleka mwenyewe, akapitia mlango wa nyuma. Karibu na jiko kulikuwa na masanduku matatu makubwa ya buluu, yenye kuta nene na vifuniko vizito. Mpishi alifunua moja. Ndani kulikuwa na barafu tele, soda na bia.

Ubavuni mwa sanduku palikuwa na maandishi meupe. Mtu alijaribu kuyakwangua akashindwa kuyamaliza. Kidonge aliinama, akaanza kusoma polepole, kama darasani.

"M-sa-a-da. Msaada. Msaada kwa... wa-na-wa-ke... wauza samaki. Ha-u-u-zwi. Hauuzwi."

Alirudia mara ya pili, bila sauti. Kisha akainua kichwa.

"Mpishi, masanduku haya mmeyatoa wapi?"

"Tunakodi. Kwa Katibu wa chama chenu, pale gatini. Kila penye sherehe tunachukua. Mazuri, dada! Ukitia barafu leo, kesho kutwa bado unaikuta."

"Kesho kutwa?"

"Siku mbili nzima."

Kidonge alifikiria shimo la taka.

Alikwenda moja kwa moja gatini. Chama cha wavuvi na wauza samaki kilikuwa na ofisi ya chumba kimoja, na nyuma yake ghala lenye kufuli kubwa. Ufunguo wa kufuli hiyo ulining'inia shingoni mwa Katibu. Yeye ndiye aliyegawa mafuta ya mashua. Yeye ndiye aliyeandika barua zote. Wavuvi walimwamkia hata wale waliomzidi umri.

"Katibu," alisema Kidonge bila salamu, "masanduku yetu yanafanya nini ukumbini?"

"Masanduku gani?"

"Ya buluu. Yameandikwa msaada kwa wanawake wauza samaki. Nimesoma kwa macho yangu."

Katibu alicheka. "Kumbe siku hizi unasoma! Hongera. Basi njoo usome na hii."

Akafungua kabati, akatoa karatasi ndefu yenye majina. Pembeni ya kila jina palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa zambarau. Akaweka ukucha wake kwenye mstari mmoja.

"Namba kumi na saba. Jina la nani hilo?"

Lilikuwa jina lake.

"Na kidole cha nani?"

Kidonge alikitazama. Dole gumba lake lilikuwa na kovu la kisu, limekatiza katikati. Kovu lilikuwepo kwenye wino.

"Soma juu," alisema Katibu.

Juu paliandikwa hivi: *Orodha ya waliopokea sanduku la kuhifadhia samaki, moja kwa kila mtu.*

Ndipo akakumbuka. Mwaka uliopita kulikuwa na semina. Wageni walizungumza, wakapiga picha, wakaondoka na gari. Kisha Katibu akawapanga wanawake mstari mmoja. "Tieni kidole hapa," aliwaambia. "Ni mahudhurio tu. Mkimaliza mchukue soda na mkate." Juu ya karatasi alikuwa ameweka daftari. Kidonge alidhani ni la kuzuia upepo.

"Wakati ule nilikuwa sijui kusoma," alisema.

"Hilo ni kosa la karatasi?" Katibu alikunja orodha yake. "Umepokea. Ukiendelea kupiga kelele, nitakuuliza mbele za watu sanduku lako umemuuzia nani."

Katibu hakungoja hizo kelele. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imezunguka soko lote: wanawake walipewa masanduku, wakayauza, sasa wanamsingizia Katibu.

Jumapili asubuhi, wifi hakumwitikia salamu. Alikuwa akihamisha mabeseni yake kwenda meza nyingine.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Niache. Mwaka jana nililazwa hospitali, nimepasuliwa tumbo. Wewe huku ukapewa sanduku, ukauza, ukanyamaza kimya. Mwaka mzima namwaga samaki na wewe unanipa pole! Pole gani ile?"

"Sikupewa! Nilitia kidole kwa kudanganywa!"

"Kidole ni chako?"

"Ni changu, lakini..."

"Basi." Wifi alinyanyua beseni la mwisho. "Kaka yangu aliniambia ameoa kidonge. Hakuniambia ni cha sumu."

Kidonge alilowesha gunia, akawafunika samaki wake peke yake.

Jioni mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akishona tundu la wavu, uzi umo mdomoni.

"Mwache Katibu," alisema hatimaye. "Mafuta ya mashua nayapata kwake. Mwenye ufunguo wa ghala hatukanwi."

"Mimi simtukani."

"Unafanya nini?"

"Namsoma."

Mumewe alitoa uzi mdomoni. "Na nikikosa mafuta, tutakula nini?"

"Tunakula nini sasa? Kila siku unatoka usiku wa manane, unavuta nyavu mpaka mikono inachubuka. Mimi nachukua jasho lako namwaga shimoni. Masanduku yapo! Bia ya watu inalala kwenye barafu, samaki wetu analala juani! Mume wangu, hilo halikuumi?"

Lilimuuma. Wavu uliachwa na tundu lake mpaka kesho yake.

Jumatatu alikuja Bwana Samaki.

Bwana Samaki alikuwa mwanamke. Alikuwa afisa uvuvi mgeni, ana miezi mitatu tu kazini. Lakini kila afisa uvuvi aliyewahi kufika pale aliitwa Bwana Samaki, na watu hawakuona sababu ya kubadili. Yeye mwenyewe aliitika. Alivaa mabuti ya mpira, na mfukoni alikuwa na kipimajoto kirefu.

Alianza kukagua meza moja baada ya nyingine. Kwa Kidonge alichoma kipimajoto ndani ya samaki, akasubiri, akasoma.

"Nyuzi thelathini na moja. Mama, hawa hawafai kuliwa. Watu wataharisha."

Akalichukua beseni zima. Akawamwagia samaki dawa ya rangi ili wasiuzwe tena. Ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

Kidonge akalipuka.

"Mwaga! Mwaga na hawa! Nimwage na mimi! Nyinyi wenye ofisi kazi yenu kumwaga tu! Samaki wanaoza kwa sababu hatuna pa kuwaweka! Nani hajui hilo?"

Bwana Samaki alimtazama kwa mshangao. "Lakini mama, sanduku lako liko wapi? Taarifa iliyoko ofisini kwetu inasema wanawake arobaini hapa wana masanduku. Nimeshangaa tangu nimefika. Sioni hata moja."

"Umeshangaa," alisema Kidonge. "Miezi mitatu umeshangaa. Kuuliza ulishindwa?"

Watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Mtu hasemi hivyo na afisa.

Bwana Samaki alifunga kipimajoto chake. "Ni kweli," alisema. "Niliiamini karatasi. Nilipaswa kuja kuuliza. Nisamehe, mama. Sasa niambie."

Wakakaa kwenye makreti matupu. Kidonge akaeleza yote: ukumbi, orodha, kidole, daftari lililofunika maneno. Alisema kwa hasira, na mara mbili alipiga kreti ngumi. Bwana Samaki hakumkatiza.

"Sikiliza, mama," alisema alipomaliza. "Kwanza ujue msaada huu ni wa nani. Si wa Katibu. Wala si wangu mimi. Serikali ya nchi nyingine ilikubaliana na serikali yetu kusaidia uvuvi. Wao walitoa masanduku. Yalinunuliwa kwa kodi za watu wao, na huko kwao pia wapo wauza samaki wanaokatwa kodi. Upande wetu, serikali ililipia kuyasafirisha mpaka hapa. Hiyo ni kodi yenu, na ushuru wa meza yako umo. Kwa hiyo usiombe kama mtu anayeomba sadaka. Uliza kama mtu anayeulizia kilicho chake."

"Nimeuliza. Amenicheka."

"Uliza kwa maandishi. Vitu vya msaada vikifika, lazima pawepo hati ya makabidhiano. Inasema nini kimetolewa, vingapi, kwa nani, tarehe gani. Si siri. Aliyetajwa humo ana haki ya kuiona. Andikeni barua kwa mkuu wa idara ya uvuvi, mmoja asiandike peke yake. Semeni mlichokiona, wapi, siku gani. Msiandike matusi."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ombeni nakala ya orodha. Andikeni barua mbili zinazofanana. Moja muiache ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri, kesho watasema hawajaona kitu."

Barua iliandikwa alasiri ile, katika darasa la kisomo. Mwalimu alisahihisha herufi tu. Maneno yalikuwa ya Kidonge, na ilimchukua saa nzima kuacha matusi nje. Ilisema hivi:

*Sisi wanawake wauza samaki tunaeleza kwamba hatukupokea masanduku. Tulitia vidole tukiambiwa ni mahudhurio. Jumamosi iliyopita masanduku matatu yalionekana ukumbi wa sherehe, yamekodishwa. Tunaomba nakala ya orodha na hati ya makabidhiano. Tunaomba tujibiwe kwa maandishi.*

Wanawake tisa walitia sahihi. Wengine waliogopa. Kidonge na wawili wenzake waliipeleka idarani, wakarudi na nakala yenye muhuri. Kidonge aliitia ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

Siku kumi na mbili zikapita. Katibu alianza kumnyima mafuta mume wa Kidonge. "Yamekwisha," alimwambia, huku pipa likionekana limejaa. Mume hakubishana. Alimfuata nahodha wa mashua nyingine, akaomba kazi ya kuvuta nyavu. Jioni alimwambia mkewe, "Na mimi nimeanza kumsoma."

Siku ya kumi na tatu Bwana Samaki alileta nakala ya orodha. Wanawake walikutana kwenye banda la kushonea nyavu. Safari hii walikuja wengi, na hata wifi alikuja. Alikaa mlangoni, mgongo amewapa.

Kidonge alisimama, akasoma jina moja moja. Kila aliyesikia lake alisema, "Nipo. Sikupokea." Sauti zilikuwa za hasira, na kwa kila jina ziliongezeka ukali.

Namba ishirini na mbili hakujibu mtu.

"Mama wa kinyozi," alirudia Kidonge.

"Marehemu yule!" alisema mwanamke mmoja. "Tulimzika mwaka jana, mwezi wa tatu. Hiyo karatasi ya lini?"

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, mwaka huohuo."

"Alifufuka akatia kidole?"

Watu walicheka, kisha wakaacha ghafla. Lilikuwa jambo la aibu mno kuchekwa.

Kidonge akaendelea. Alipofika namba thelathini na moja alisita. Akaisoma kimya, halafu kwa sauti. Lilikuwa jina la wifi yake.

Wifi aligeuka. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Na kidole kipo?"

"Kipo."

Wifi aliinuka, akatoka mbio. Nyumba yake haikuwa mbali. Alirudi anahema, mkononi ana kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Akampa Kidonge. "Wewe ndiye unayesoma. Wasomee."

Kidonge akasoma. Alilazwa tarehe kumi na moja, mwezi wa sita. Alipasuliwa tarehe kumi na mbili. Aliruhusiwa tarehe ishirini.

"Tarehe kumi na nne nilikuwa juu ya kitanda cha chuma, tumbo limeshonwa nyuzi tisa," alisema wifi. "Kidole changu kilitoroka hospitali peke yake?"

Mwanamke mmoja, muuza samaki wakavu, aliruka juu na kisu cha kuparia magamba. "Twendeni tukavunje ghala! Sasa hivi!"

"Twende!" walijibu wengi.

"Mkivunja kufuli," Bwana Samaki alisema kwa sauti kubwa, "leo hii kesi inakuwa yenu. Atasema mmeiba, na atapata mashahidi. Karatasi yake ni ya uongo, na sasa tuna kadi ya hospitali na kaburi lenye tarehe. Kwa nini mumpe njia ya kutokea?"

Wote walimtazama Kidonge.

"Mimi jiwe nilishalichagua," Kidonge alisema. "Liko pale nje. Lakini anasema kweli. Tuandike."

Barua ya pili ilikwenda wizarani na kwa ofisi ya msaada ya nchi ile. Wanawake thelathini na wanne walitia sahihi. Kadi ya hospitali ilitolewa nakala, ikabandikwa nyuma.

Walipokuwa wanatoka, wifi alimshika Kidonge mkono. "Nilikutukana."

"Ulinitukana vibaya."

"Vibaya sana."

"Tutagombana vizuri siku nyingine. Sasa tuna mtu wa kugombana naye."

Wiki tatu baadaye zilikuja gari mbili. Ndani walikuwemo mkaguzi wa wizara, na mgeni kutoka nchi iliyotoa msaada, pamoja na mkalimani wake. Katibu alikuwa amepata fununu. Alikuwa ameyapanga masanduku kumi na moja mbele ya ghala, yamesuguliwa, juu ya kila moja samaki mmoja mzuri. Akawaita wanawake wasimame nyuma ya masanduku kwa ajili ya picha.

Hakusimama hata mmoja. Waliketi chini, kila mmoja na beseni lake la samaki waliolegea. Harufu ilijieleza yenyewe.

"Hawa hawajasoma," Katibu alimwambia mkaguzi kwa sauti ya huruma. "Hawaelewi taratibu za msaada."

Kidonge alinyanyuka. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa orodha. Akasoma kichwa chake, polepole, bila kukosea. Akasoma namba kumi na saba. "Huyu ni mimi. Sikupokea." Akasoma namba ishirini na mbili. "Huyu alikuwa kaburini." Akasoma thelathini na moja, na wifi yake akainua kadi ya hospitali juu.

Kisha akamgeukia mgeni. Mkalimani akasogea.

"Tafsiri kama nilivyosema. Usitie sukari," Kidonge alimwambia. "Mwambie hivi. Mwaka jana mlikuja hapa. Mlipiga picha na Katibu, mkanywa soda, mkaondoka. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza mwanamke mmoja, mama, sanduku lako liko wapi? Neno moja tu lingetosha. Mliandika kwenu kwamba mmetusaidia watu arobaini. Tumemwaga samaki mwaka mzima. Nani alisaidiwa?"

Mkalimani akatafsiri. Uso wa mgeni ulibadilika rangi. Alimtazama Katibu, akayatazama masanduku, akasema maneno machache.

"Anasema hana jibu," alisema mkalimani. "Anasema angependa kuona ndani ya ghala."

Mkaguzi alinyoosha mkono. Katibu alianza kutafuta ufunguo mifukoni, na ufunguo uko shingoni mwake, watu wote wanauona. Hapo hata mkaguzi alipandisha sauti. "Lete!"

Ndani ya ghala hapakuwa na sanduku jingine. Palikuwa na kreti za bia na karatasi za kukodisha. Kwa karatasi hizo walipatikana waliokodi: ukumbi, baa mbili, na duka la mnunuzi mkubwa wa samaki. Mpaka jioni, pamoja na yale kumi na moja, masanduku ishirini na sita yalikuwa gatini. Kumi na manne hayakuonekana. Katibu alivuliwa ufunguo mbele ya wanachama, akachukuliwa kwenda kuhojiwa. Kesi yake ilifunguliwa.

Wiki iliyofuata masanduku yaligawiwa. Afisa mmoja kutoka idarani alileta karatasi. Alikuwa na haraka. "Tieni sahihi, akina mama, tumalize. Nina safari."

"Safari njema," alisema Kidonge. "Kwanza tusome."

Akasoma kichwa cha karatasi kwa sauti, wote wasikie. Kila mwanamke aliweka mkono juu ya sanduku ndipo akatia sahihi, na pembeni akaandika namba ya sanduku lenyewe. Chini ya jina la mwisho mistari kumi na miwili ilibaki mitupu. Kidonge alichukua kalamu, akaichora yote mkato mmoja mrefu, kona hadi kona.

"Unaharibu fomu!" alisema afisa.

"Ninafunga mlango," alijibu. "Humu hafufuki mtu tena."

Nakala moja ilibandikwa ukutani sokoni, ndani ya nailoni.

Masanduku hayakutosha. Wengine walikubaliana kutumia wawiliwawili. Kidonge na wifi yake walichukua moja, wakarudi meza moja.

Bwana Samaki aliwafundisha kazi. "Barafu ipondwe iwe ndogondogo, imguse samaki kila mahali. Tandaza chini. Panga samaki waliooshwa kwa maji safi. Barafu tena. Samaki tena. Juu umalizie na barafu. Ndoo moja ya samaki, ndoo moja ya barafu."

"Nyingi hivyo?" aliuliza wifi.

"Ukiibania barafu, shimo la taka litakula. Fungua kizibo hiki cha chini, maji yatoke. Samaki asilale kwenye maji machafu. Sanduku likae kivulini. Usilifunue kila mara kuchungulia. Jioni lioshwe kwa sabuni."

"Na samaki aliyekwisha kulegea?" aliuliza Kidonge. "Barafu itamrudisha?"

"Barafu haifufui. Mtie akiwa mbichi, palepale anaposhuka kwenye mashua."

Mumewe na wenzake walisikia hilo. Wakaanza kuondoka na masanduku yenye barafu, wakayarudisha na samaki ndani yake.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, ndoo ya shimo la taka ilikuwa haijatoka siku nane. Saa kumi alasiri Kidonge alifunua sanduku, na macho ya samaki bado yaling'aa. Mnunuzi alifunua shavu, akanusa, akanusa tena.

"Wa leo hawa?"

"Wa alfajiri."

"Nipimie wote."

Bei haikushuka saa saba tena. Kwa faida ile mumewe alinunua mafuta mjini, bila kumwamkia mtu. Chama kikachagua viongozi wapya. Ufunguo wa ghala ukawekwa kwa watu watatu, na kufuli zikawa tatu. Wauza samaki wa gati jirani walikuja kuuliza barua inaandikwaje, wakaambiwa, na sehemu ya matusi wakaelezwa kwa mdomo tu.

Watu walimwambia Kidonge apumzike sasa, maana ameshinda. Hilo lilimkasirisha kuliko yote.

"Nimeshinda nini?" aliwajibu. "Kuna wanawake hapa wanashirikiana sanduku moja wawiliwawili, na haki yao iko kwenye baa ya mtu!"

Mpaka leo masanduku kumi na manne hayajapatikana. Barua ya nne ya kuyaulizia ilipelekwa idarani Jumatatu, na nakala yake imegongwa muhuri.